Nimekaa Ludlow mwaka wa sita sasa: mji wa gulio wa Kiingereza, historia yake na kwa nini sihami

Binti wa Soni ameandika:

Habari zenu wakuu.

Kila nikisema humu kwamba naishi Uingereza naulizwa, "London sehemu gani?" Siishi London. Nilikaa huko miezi minane, kisha nikapata kazi ya kulea wazee Ludlow, mji wa watu kama 10,000 katika kaunti ya Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Juzi kuna mdau aliuliza kama nje ya miji mikubwa ya huku kuna maisha. Nikaahidi kuandika. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Waingereza wana aina ya mji wanayoiita mji wa soko. Kwa Kiswahili changu huo ni mji wa gulio. Mtu wa mjini akisikia "soko" anaona jengo lililo wazi kila siku. Gulio ni siku. Sisi tuliokulia Usambara tunajua: siku ya gulio mama anaamka usiku, mapeasi na matunda damu yameshapangwa kwenye matenga tangu jana, na ukifika unakutana na shangazi usiyemwona tangu mwezi uliopita. Mambo ya posa, ya mashamba, ya misiba, yote yanazungumzwa pale. Kesho yake uwanja ni mtupu, mbuzi wanapita.

Ludlow ilianza hivyohivyo. Gulio lake lipo hadi leo, mbele ya lango la ngome, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Ngome yenyewe ilianzwa na ukoo wa de Lacy, makabaila wa Kinormani, yaani wavamizi waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, miaka ya mwisho ya karne ya 11, juu ya mwamba unaotazama mto Teme. Walihitaji kulinda mpaka na Wales. Lakini askari hula, farasi hula, na mwenye ngome anataka fedha. Kwa hiyo nje ya lango ikaachwa nafasi pana ya kuuzia na kununulia, mitaa ikapimwa, na viwanja vikakatwa kwa ajili ya watu wa kuja kufanya biashara. Mji mzima ulipangwa. Ukisimama leo juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Laurence, ambao urefu wake unapita mita 40, unaona mistari ileile: Broad Street na Mill Street zinashuka sambamba kuelekea mtoni, na kila nyumba ina uso mwembamba barabarani na kiwanja kirefu kinachokwenda nyuma kama utepe.

Sababu ya wembamba huo ni ya kibiashara. Kila mtu alitaka uso kwenye barabara ya gulio, na uso ulikuwa na bei. Basi wakagawana uso kwa kipimo, urefu wakaupeleka nyuma: huko ndiko kulikuwa na zizi, karakana, bustani ya mboga na kisima. Mpangaji wa kiwanja alilipa kodi ya fedha kwa mwaka badala ya kwenda kulima shamba la bwana. Kwa mkulima wa zama zile, aliyefungwa na ardhi ya kabaila, kupata kiwanja mjini kulikuwa kuhamia maisha mengine kabisa.

Nitaendelea usiku nikitoka zamu.

Mkaka wa Karatina ameandika:

Asante sana dada. Mimi niko Leicester, mwaka wa tatu. Nimepita miji kama hiyo kwa basi na sikuwahi kushuka. Huko kwetu siku ya soko ni ileile unayoieleza, watu wanatoka milimani na magunia. Swali: hilo gulio la Ludlow ni la watalii au watu wa kawaida wananunua?

Binti wa Soni ameandika:

Wote wawili kaka. Watalii wanakuja, hasa kiangazi na wakati wa tamasha la chakula, ambalo lilianza 1995 na linafanyika ndani ya kuta za ngome. Lakini Jumatatu ya Februari yenye mvua hakuna mtalii. Anayeuza viazi, mayai, maua na samaki anawauzia wenyeji, na mimi nikiwemo.

Sasa niwaambie kitu kilichonishangaza kuliko vyote.

Nilipofika nilidhani mitaa iliyo kati ya ngome na ile sehemu iitwayo Bull Ring ilikuwa hivyo tangu zamani: High Street, King Street, Harp Lane, vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana lazima mmoja akae upande. Bibi mmoja ninayemhudumia, mzaliwa wa hapa, akaniambia, "Hayo yote yalikuwa gulio." Nikaenda kuangalia ramani kwenye maktaba. Kweli. Uwanja wa gulio wa kale ulikuwa mkubwa mno, unaanzia langoni pa ngome unakwenda mashariki mpaka Bull Ring. Wauzaji waliweka meza. Mwanzoni meza ziliondolewa jioni. Baadaye zikaachwa usiku, zikafunikwa turubai, zikawekewa nguzo, zikaezekwa. Meza ikawa kibanda, kibanda kikawa duka, juu ya duka pakajengwa chumba cha kulala, na mwishowe katikati ya uwanja pakawa na safu za nyumba ambazo zinasimama mpaka leo. Vile vichochoro ni njia zilizokuwa zikipita kati ya meza!

Aliyeona vibanda vya Kariakoo vikigeuka maghorofa ataelewa haraka kuliko mwanahistoria. Mimi nikipita Harp Lane sasa nazisikia zile meza.

Mzee Kijiti ameandika:

Binti, nimekaa nasoma. Mimi ni mstaafu wa halmashauri, nimekusanya ushuru wa masoko miaka mingi. Nieleze upande wa utawala. Nani alikuwa na mamlaka ya kufungua soko? Ushuru ulikwenda wapi?

Binti wa Soni ameandika:

Shikamoo mzee. Umegusa ninapopapenda.

Huku kufungua gulio ilikuwa haki inayotoka kwa mfalme. Bwana mwenye eneo aliomba hati, akalipa, na hati ikataja siku gani ya wiki gulio lifanyike na siku zipi za mwaka kuwe na maonyesho makubwa ya biashara. Karne ya 13 na mwanzo wa karne ya 14 hati hizo zilitolewa kwa mamia, maana kila kabaila alitaka ushuru: ushuru wa kuingiza bidhaa, ushuru wa kuweka meza, ushuru wa kupima. Magulio mengi yalikufa baadaye, hasa baada ya tauni kubwa ya 1348 na 1349 kumaliza watu. Yaliyobaki ndiyo haya.

Kulikuwa na kanuni ya umbali. Sheria za Kiingereza za karne ya 13 zilizoandikwa kwa jina la jaji Bracton zinasema gulio jipya lisiwe karibu na la zamani kwa chini ya maili sita na theluthi mbili, yaani kama kilomita kumi na nusu hivi. Hesabu yake ni nzuri. Safari ya siku moja kwa miguu ni maili 20. Igawe mara tatu: sehemu ya kwanza ni ya kwenda, ya pili ni muda wa kuuza na kununua, ya tatu ni ya kurudi kabla giza halijaingia, kwa kuogopa wezi njiani. Si kila mahali ilifuatwa sawasawa, lakini kanuni hiyo ya maili bado imo katika sheria ya Uingereza, na mwenye haki ya gulio anaweza kumshitaki anayefungua soko shindani ndani ya umbali huo. Nilipoisoma nilimkumbuka mama na tenga lake. Jaji yule aliipima nchi kwa miguu ya mtu aliyebeba mzigo.

Halafu kulikuwa na mahakama ya gulio lenyewe, jina lake likitoka kwenye Kifaransa cha zamani: Mahakama ya Miguu ya Vumbi. Miguu ya vumbi ni wafanyabiashara wa kupita. Mtu ametoka mbali, ameuziwa kitambaa kibovu, hawezi kusubiri mahakama ya mfalme kwa miezi. Kwa hiyo kesi ilisikilizwa palepale, mara nyingi siku ileile au kesho yake, na waamuzi walitoka miongoni mwa wafanyabiashara wenyewe. Mzee, wewe umekaa ofisi ya soko, unajua ugomvi wa mizani unavyoweza kuharibu siku nzima. Hawa walilijua hilo zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Mzee Kijiti ameandika:

Marahaba binti yangu. Na walanguzi je? Sisi walitushinda. Lori linakamatwa na madalali kilomita tano kabla ya kufika sokoni, mkulima anauza kwa hasara, na mama wa mjini ananunua kwa bei ya mara mbili.

Binti wa Soni ameandika:

Mzee, lilikuwa kosa la jinai! Kumvizia mkulima njiani na kununua mzigo wake kabla haujafika gulioni lilikuwa kosa lenye jina lake maalumu, na watu walitozwa faini mwaka baada ya mwaka. Kununua gulioni na kuuza tena palepale kwa bei ya juu lilikuwa kosa pia. Nia ilikuwa mkulima na mlaji waonane uso kwa uso, wote wasikie bei mbele ya watu. Katika miji mingi kengele ilipigwa kufungua gulio, na kununua kabla ya kengele kulikatazwa. Wachuuzi wa jumla walisubiri mpaka wenye kaya wamepata chakula chao kwanza. Sheria hizo zilianza kufutwa 1772 na zikaondolewa kabisa 1844, wakati fikra za biashara huria zilipotawala.

Na mkate: tangu karne ya 13 kulikuwa na sheria ambayo bei ya mkate ilibaki ileile, uzito ndio uliobadilika kufuatana na bei ya ngano. Ngano ikipanda, mkate unapungua, lakini kwa kiwango kilichoandikwa, na mkaguzi anakuja na mizani. Kwetu andazi likipungua hakuna mizani, unaona tu kwa macho. Huko mwokaji aliyepunja alitozwa faini, na akirudia alifungwa kwenye mti wa aibu mbele ya gulio.

Sisemi walikuwa watakatifu. Kabaila alikusanya fedha, na faini zenyewe mara nyingi ziligeuka kuwa aina ya leseni. Ila naamini kabisa kwamba hapo pana fikra ambayo tunaihitaji: gulio ni mahali pa haki kabla ya kuwa mahali pa faida.

Muuguzi Suffolk ameandika:

Dada, nimefurahi mno, maana nimekaa Bury St Edmunds miaka tisa na sijawahi kukutana na mtu wa kuzungumza naye haya. Huku kwetu magulio ni Jumatano na Jumamosi. Mji wetu haukuwa wa ngome, ulikuwa wa watawa. Abasia ya Mtakatifu Edmund, mfalme aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869, ndiyo iliyomiliki kila kitu: ardhi, gulio, ushuru, hata haki ya kuhukumu. Abate Baldwin, mkuu wa watawa hao, aliupanga mji kwa mitaa iliyonyooka baada ya Wanormani kuja, na mpango huo upo mpaka sasa.

Watu wa mji walichoka kuwalipa watawa. Mwaka 1327 waliivamia abasia na kuiteketeza sehemu. Watawa walishinda kesi, lakini mwaka 1539 Henry VIII akaifunga abasia yenyewe. Leo magofu yake ni bustani. Mimi nikitoka zamu ya usiku hukaa pale dakika kumi kabla ya kulala. Kuna nyumba ambazo watu wamezijenga ndani ya ukuta wa mbele wa kanisa la abasia, dirisha la jikoni limetokeza kwenye jiwe la karne ya 12. Mnada wa ng'ombe haupo tena. Mahali pake pamejengwa maduka makubwa, yakafunguliwa 2009. Gulio la mitaani limebaki.

Binti wa Soni ameandika:

Asante dada. Habari ya mnada wa ng'ombe ni ileile huku. Mnada wa mifugo wa Ludlow ulikuwa karibu na stesheni, chini ya Corve Street. Sasa pale pana duka kubwa la vyakula. Watu walipinga kwa miaka, na mwishowe jengo likapewa paa lililopinda ili lifuate umbo la vilima nyuma yake. Naona walifanya vizuri kupigania hata paa.

Niwarudishe kwenye fedha iliyoujenga mji huu: sufu. Vilima vya huku ni vya kondoo. Mwishoni mwa karne ya 13 Ludlow ilikuwa na mfanyabiashara aitwaye Laurence, aliyenunua sufu na kuipeleka ng'ambo, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Uingereza kiasi cha kumkopesha mfalme. Mwaka 1291 alipata kibali cha kuizungushia ngome nyumba yake ya Stokesay, kama kilomita 11 kutoka hapa. Nyumba hiyo imesimama, paa la ukumbi wake ni la mbao za wakati ule, nendeni mkaione. Mwaka 1294 mfalme Edward I alihitaji fedha za vita na Ufaransa, na Laurence akahusika kupanga kodi kubwa juu ya sufu. Wafanyabiashara wakaishusha kodi ile mabegani mwa wafugaji kwa kuwalipa bei ndogo. Mwaka huohuo meli yake ilizama karibu na pwani ya Suffolk, naye akafa maji. Mtawa mmoja aliandika kwamba kwa kuwa aliwakosea watu wa sufu, alizama katika meli iliyojaa sufu. Wafugaji hawakusahau.

Fedha ya sufu, na baadaye ya nguo, ndiyo ilijenga lile kanisa. Pamoja nayo kulikuwa na chama cha mahujaji, ambacho wanachama walitoa mali zao ili waombewe. Chama hicho kilimiliki nyumba nyingi mjini, kikaendesha shule na kutunza wazee maskini. Mfanyabiashara John Hosyer alianzisha nyumba za wazee karibu na kanisa katika karne ya 15, zikajengwa upya 1758. Wazee wanaishi humo hadi leo. Mimi kazi yangu ni ya wazee, kwa hiyo kila nikipita pale moyo unatulia.

Mambo ya wafalme nitayapita haraka kwa sababu yameandikwa kila mahali. Ngome ikawa makao ya baraza lililotawala Wales na maeneo ya mpakani. Mtoto aliyekuwa awe Edward V alilelewa hapa, akaondoka 1483 akiwa na miaka 12 kwenda kutawazwa, akapotelea katika Mnara wa London. Arthur, mwana wa mfalme Henry VII, alifia hapa tarehe 2 Aprili 1502, miezi michache baada ya harusi. Mjane wake Catherine aliolewa na mdogo wa marehemu, Henry VIII, na talaka yao ndiyo iliyoikata Uingereza kutoka Kanisa la Roma. Baraza lilifutwa 1689, ngome ikabomoka polepole. Mji haukufa, kwa sababu gulio halikuitegemea ngome tena. Wenye mashamba walijenga nyumba za matofali Broad Street, wengine wakaweka tu uso wa matofali mbele ya nyumba ya zamani ya mbao za mwaloni. Ukiingia ndani unakuta boriti zilizopinda za karne nyingi nyuma. Kisha ukaja ushonaji wa glavu uliolisha kaya nyingi, mpaka glavu za Ufaransa zikaruhusiwa kuingia 1826 na kazi hiyo ikafifia. Treni ikafika 1852.

Umaskini wa wakati ule ndio uliouokoa mji. Hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa. Leo majengo kama 500 yanalindwa na sheria.

Jasiri Asiyeacha Asili ameandika:

Mkuu, umeandika vizuri lakini naomba niseme ukweli wangu. Miji hiyo ni ya wazee matajiri. Nilipanga chumba kwenye mji wa aina hiyo, sitautaja, miaka miwili. Basi la mwisho ni saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa Mwafrika pekee kazini. Kijana atafanya nini huko? Majumba ya kale hayalipi kodi ya nyumba.

Binti wa Soni ameandika:

Ndugu yangu, uliyosema ni kweli na sitayapunguza.

Nyumba ni ghali kuliko mishahara ya kazi zilizopo. Watu wanauza nyumba kusini, wanakuja kustaafu hapa, na vijana wazaliwa wa hapa wanaondoka kwa sababu hawawezi kununua. Kazi nyingi ni za kulea wazee, hoteli, migahawa na maduka. Mabasi ya vijijini ni machache. Hospitali kubwa yenye idara ya dharura iko Hereford au Shrewsbury, kila moja mwendo wa kilomita 40 hivi au zaidi. Mtoto akiugua usiku bila gari, hiyo ni hofu ya kweli. Mwezi wangu wa kwanza nililia. Giza linaingia saa kumi jioni mwezi wa Desemba, hakuna sauti mtaani, na nilikuwa siwezi kupata unga wa dona mpaka niende Birmingham.

Kilichonibadilisha ni meza ya jibini. Jumamosi ya tatu au ya nne hivi, muuza jibini akaniuliza, "Leo hukuvaa koti lako jekundu?" Ndiyo hivyo tu. London nilikaa miezi minane, jirani wa mlango wa pili hakujua kama nipo. Hapa mtu aliniona mara tatu akajua koti langu. Wiki ya sita nilijua mkulima gani analeta mayai, bucha gani linachinja kondoo wa vilima vile ninavyoviona dirishani, na mama gani anauza sukuma wiki kwa jina lao. Nilipofiwa na baba na nikashindwa kusafiri, wauza mboga walinichangia. Hawakuujua msiba wa kwetu unavyokaa, lakini walikuja mlangoni, wakakaa.

Kutazamwa kupo pia. Wengine hukuangalia mara ya pili, na mara moja niliambiwa neno la kuumiza baani. Nasema yote mawili kwa sababu yote ni yangu.

Mkaka wa Karatina ameandika:

Pole sana kwa msiba dada. Umenigusa. Hapo nimeelewa unachopenda. Ila nataka kujua: hiyo historia yote unaishi nayo vipi siku ya kawaida? Au ni ya kusoma tu?

Binti wa Soni ameandika:

Naishi nayo kwa miguu kaka. Sina gari. Kutoka chumbani kwangu hadi gulioni ni dakika saba, kazini dakika kumi na mbili, mtoni dakika tisa. Watu waliopanga mji walimpimia mtu aliyebeba mzigo, na mimi nimebeba mzigo. Kila asubuhi napita chini ya Broad Gate, lango pekee la mji lililobaki kati ya saba. Ukuta ulianza kujengwa 1233. Juu ya lango kuna nyumba, watu wanakaa humo na wameanika nguo. Mwaka 2013 kipande cha ukuta kiliporomoka nyuma ya kanisa, na nimesikia wenyeji wakibishana kuhusu ukuta ule kama sisi tunavyobishana kuhusu mfereji wa maji wa ukoo.

Uwanja wa gulio nao ulikuwa na jengo kubwa la matofali, la enzi ya Malkia Victoria. Lilibomolewa 1986. Wazee wangu kazini bado wamegawanyika: wapo wanaolililia na wapo wanaosema gulio lilirudishiwa anga lake. Mimi sikuliona, lakini napenda kuuza na kununua chini ya anga.

Kuna jengo dogo la mawe lenye saa juu, Buttercross, la miaka ya 1740. Chini ni wazi, nguzo tu. Wanawake wa mashambani walikuja hapo na siagi na mayai, wakapata kivuli. Nikingoja mvua ipungue husimama hapohapo na mfuko wangu wa viazi.

Ludlow pia ulikuwa mji wa kwanza Uingereza kujiunga, mwaka 2003, na mtandao wa miji ulioanzia Italia unaotetea maisha ya mwendo wa polepole na chakula cha karibu. Kwa wengine hilo ni neno la matangazo. Kwangu ni kule kujua jina la aliyechimba viazi.

Muuguzi Suffolk ameandika:

Hapo kwenye viazi nimekuelewa kabisa. Na unga wa dona umeupataje sasa?

Binti wa Soni ameandika:

Naagiza kwa posta dada, kilo kumi kumi. Na mwaka jana nilimwomba mkulima mmoja wa mboga anijaribie maboga kwa ajili ya majani yake. Yeye alikuwa akiyatupa. Sasa ananifungia fungu kila Jumamosi kuanzia Julai, na wateja wake wawili Waingereza nao wameanza kuyauliza. Nimewafundisha kuyamenya nyuzi kwanza.

Mkaka wa Karatina ameandika:

Basi Jumamosi ijayo niko huru. Nikitoka Leicester nifanyeje, na saa ngapi nifike?

Binti wa Soni ameandika:

Karibu sana. Panda treni mpaka Birmingham, kisha Shrewsbury, kisha ile inayoelekea Hereford, ushuke Ludlow. Jitahidi ufike kabla ya saa tano asubuhi, samaki na mikate mizuri huisha mapema. Ukitoka stesheni ingia Corve Street na upande kilima. Kushoto utaiona Feathers, nyumba ya mbao nyeusi na nyeupe yenye nakshi za 1619. Pita Bull Ring, shika King Street, utafika Buttercross yenye saa. Usinyooke moja kwa moja, ingia kwanza Harp Lane upite taratibu, halafu utatokea uwanjani na ngome iko mbele yako.

Nitakuwa kwenye meza ya jibini, koti jekundu. Beba mfuko wako.